Mume Wangu Hakuwa Kazini

Kisheria, siku ile mume wangu alikuwa anapita tu. Alitoka nyumbani alfajiri, akapita kwenye ghala la pamba lililokuwa linajengwa kijijini kwetu, akaendelea kupita hapo hapo mpaka jua likakaribia utosini, akiwa amevua shati, kamba begani, na wanaume wa kijiji kizima wakimwitikia wimbo. Kupita kwa namna hiyo sijakuona tena kwa mtu mwingine. Lakini ndivyo ilivyoamuliwa Shinyanga mjini, na mtu mwenye miwani, na sisi tukasema asante.

Ilikuwa miaka ya sitini. Uhuru ulikuwa bado mchanga, pamba ilikuwa na bei, na kijiji chetu, ukitoka Kahama unaelekea Segese, kilikuwa kimevimba kichwa. Chama cha ushirika kikaamua kujenga ghala lake chenyewe, la matofali na bati. Wakamtafuta kontrakta wa Kahama, mtu mwenye gari la kubebea mbao na tai ya kuvaa siku za mkutano. Akaja na mafundi wake wachache, kuta zikapanda vizuri, hakuna aliyelalamika.

Shida ilikuja kwenye kenchi. Mbao zile zilizoungwa kubeba paa zilikuwa nzito ajabu, na mafundi wa kontrakta hawakutosha hata kuzigeuza. Akaenda kwa mwenyekiti wa ushirika akakuna kichwa. Mwenyekiti akamwambia asihangaike, kijiji kina watu.

Kwetu kazi nzito haikuwa ya mtu mmoja mmoja. Kila kijiji kilikuwa na chama chake cha kazi, na mkuu wa chama hicho tulimwita nsumba ntale. Yeye ndiye anayepiga ngoma ya kuita watu, yeye ndiye anayeanzisha wimbo, na yeye ndiye anayemtoza mbuzi mwanamume aliyebaki kitandani bila udhuru. Nsumba ntale wetu alikuwa mume wangu. Nguvu zake zilikuwa za kawaida tu, ila sauti yake iliweza kumtoa mtu usingizini ng'ambo ya mto. Sisemi hivyo kwa kuwa alikuwa wangu. Nilikuwa nalala naye chumba kimoja, nazijua adha zake.

Wimbo wenyewe ndio uliokuwa unavuta. Yeye akitoa mstari, watu wanapumua na kamba zinalegea kidogo. Watu wakiitikia, kamba zinakaza na kenchi inapanda. Ukimwondoa mwimbaji unabaki na kundi la wanaume wanaokanyagana. Mimi nilikuwa hapo hapo kando ya ukuta, kwenye mafiga, nasonga ugali wa watu wote hao pamoja na wanawake wenzangu. Ng'ombe aliyechinjwa siku hiyo alitolewa na ushirika. Kontrakta alitoa chumvi. Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye lilipotoshwa.

Kamba moja ya kontrakta ilikuwa kuukuu, imechomoza nyuzi kila mahali. Mume wangu alimwonyesha, akajibiwa kwamba kamba hiyo imejenga nusu ya Kahama. Basi wakavuta. Kenchi ilipokuwa imeshafika juu ya ukuta, kamba hiyo ikakatika, na mzigo wote ukainamia upande ambao wanaume wawili walikuwa wamechuchumaa wakiweka magogo ya kuegemeza. Mmoja alikuwa binamu yake mume wangu, mtoto wa shangazi yake, na mwingine jirani yetu. Watu waliokuwa kwenye kamba nyingine wakaachia, wakakimbia. Siwalaumu, hata mimi ningekimbia.

Yeye hakuachia. Alijizungushia kamba kiunoni, akalala nayo nyuma, visigino vikachimba udongo. Aliacha kuimba, na ule ukimya ndio ulionigeuza kutoka kwenye sufuria. Nilimwona ameng'ata meno, anaburutwa polepole huku bado anavuta, na wale wawili wanatambaa kutoka chini. Walipotoka ndipo akajaribu kuruka. Kenchi ikamdaka mguu.

Daktari wa misheni aliuunga alivyoweza. Akaniita pembeni akaniambia bila kuzunguka kwamba mfupa umesagika, na ukiachwa hivyo utashikana vibaya, na mume wangu atatembelea fimbo mpaka kaburini. Inatakiwa apelekwe hospitali kubwa ya Mwanza akapasuliwe, atiwe chuma, na iwe mapema, kabla haujakauka. Nikamuuliza gharama. Aliponitajia nikajua kwamba hata tukiuza ng'ombe wetu wote na mimi mwenyewe juu yake, tutafika nusu ya njia.

Kontrakta alipokuja kumwona mgonjwa, uso ulikuwa unang'aa. Alikaa kwenye kigoda, akaniambia, "Mama, usilie. Mimi nina bima."

Bima tuliisikia tu kwamba ni kitu cha magari. Akatueleza kwamba iko bima ya kontrakta pia: kazi yake ikimuumiza mtu wa nje, kampuni inalipa, hata Mwanza, hata chuma. Atakuja bwana wa bima kuuliza maswali mawili matatu, basi. Lile neno "mtu wa nje" lilipita masikioni mwetu likaenda zake, hakuna aliyelishika hata mkia.

Bwana wa bima alikuja na baiskeli ya kuazima kutoka barabarani, kijana mtaratibu, mwenye adabu, akawasalimu wazee wote kwa shikamoo. Mimi nilimchinjia kuku. Wanaume walikaa kivulini kwangu, kontrakta akiwa katikati yao, nami nikawa nanyonyoa manyoya nyuma ya jiko huku nasikia kila neno.

Sasa, lazima ueleweshwe jinsi tulivyolelewa. Mgeni akija kumuulizia mgonjwa, unamsema mgonjwa vizuri. Na aliyekaa nawe barazani, unamsema vizuri zaidi, kwa sababu anasikia. Hayo hayafundishwi, mtoto anayanyonya.

"Huyu mgonjwa mnamfahamu?" bwana wa bima akauliza.

"Tusimfahamu vipi?" mwenyekiti akajibu. "Huyu ndiye kazi yenyewe. Bila huyu lile ghala lisingesimama."

"Kwa hiyo alikuwa anamsaidia kontrakta?"

"Alikuwa mkono wake wa kulia. Mafundi wote walikuwa wanamsikiliza yeye."

Kijana akaandika. Akauliza nani alikuwa anatoa amri siku ile, na wote wakanyoosha vidole kwenye mlango wa chumba alicholala mume wangu. Akauliza walikula nini. Ng'ombe, wakasema. Ng'ombe wa nani? Hapo mwenyekiti akamtazama kontrakta, akaona haifai mtu wa watu aonekane mbele ya mgeni kuwa alitoa chumvi, akasema, "Wa kontrakta. Huyu bwana ni mkarimu sana." Na kontrakta, badala ya kukataa, akainamisha kichwa kwa unyenyekevu akampokea yule ng'ombe.

Kilichonishangaza zaidi ni yule binamu. Binamu ni mtani, na huyu tangu utotoni hakuwa amewahi kutamka jambo jema juu ya mume wangu. Hata harusini kwetu alisimama akawapa pole ndugu zangu. Siku hiyo sauti ilimtetemeka. Akasema, "Bwana, hakuna mchapakazi kama huyu toka hapa mpaka Geita. Kontrakta angemwajiri hata kesho." Mimi kule nyuma ya jiko nikafuta machozi kwa kiganja chenye manyoya ya kuku. Nikajiambia, kumbe wanampenda.

Bwana wa bima akala firigisi, akashukuru, akaondoka.

Majibu aliyaleta kontrakta mwenyewe, na safari hii uso haukung'aa. Kampuni haitoi kitu. Bima aliyokata ni ya watu wa nje, na imetenga wazi kila mtu aliye katika kazi ya kontrakta. Wafanyakazi wana bima yao nyingine, ambayo yeye hakuikata, kwa kuwa alipoulizwa alisema watu wake hawaanguki. Na kijiji kizima kimeshuhudia kwamba mume wangu alikuwa mkono wake wa kulia, anatoa amri, na analipwa nyama.

"Ngoja kwanza," nikamwambia. "Kwa hiyo angekuwa mvivu?"

"Angekuwa mvivu, mama, angelipwa."

"Angekuwa amekaa chini ya ukuta anavuta tumbaku?"

"Hapo ndiyo wangelipa bila hata kuuliza."

Nilishikwa na hasira ambayo hadi leo haijaisha yote. Kwanza nilimkasirikia yeye na kamba yake, halafu wazee na midomo yao ya asali, halafu yule kuku wangu aliyekufa bure. Nilimwambia kontrakta kwamba ng'ombe aliyempokea kwa kuinamisha kichwa, sasa amtapike. Akasema ndicho alichokuja kutafuta. Mkataba wa bima ulisema kwamba ugomvi ukitokea, uamuliwe na mtu wa kati huko Shinyanga, na mashahidi wanaruhusiwa kwenda kusema upya.

Basi kijiji kikaitwa tena, barazani kwangu, kuja kufuta sifa. Hujawahi kuona kikao cha namna hiyo. Watu wazima wanakaa wanasaidiana kutafuta aibu ya mwenzao. Huyu anasema tuseme alikuwa mlevi. Yule anasema hapana, akiwa mlevi watasema kosa lake, tuseme alikuja kuangalia tu. Mwishowe wakakubaliana kwamba mume wangu alikuwa anapita.

Tatizo likawa yeye mwenyewe. Alikuwa amelala ndani anasikia yote, akatuita.

"Nilikuwa kazini," akasema. "Kazi ya kijiji. Huyu bwana hakuniajiri, sikumfanyia kazi yeye hata siku moja. Mwambieni hivyo hivyo."

Kontrakta akakaa ukingoni mwa kitanda. Nampa haki yake, alizungumza naye kwa upole. "Mzee mwenzangu, hiyo unayosema ni kweli, lakini haimo kwenye mkataba. Mle kuna mfanyakazi na kuna mtu wa nje. Ukisema ulikuwa kazini, hawatakuuliza kazi ya nani."

Mume wangu akageukia ukutani. Aligeukia ukutani majuma mazima. Mguu ulikuwa unashikana vibaya mbele ya macho yangu, umepinda kama tawi la mkwaju, na yeye anatunza heshima. Mimi sina simile katika mambo hayo. Nilimwambia heshima haishiki jembe. Nilimwambia watoto hawatakula nyimbo. Siku moja, nilipokuwa namsaidia kujigeuza na maumivu yakamtoa jasho, akaniuliza kama Shinyanga ni mbali sana kwa gari. Nikajua amekubali, nikaenda nje nikalia vizuri.

Tulipelekwa kwa gari la kontrakta, mgonjwa amelazwa kwenye magunia, sisi wengine pembezoni. Mimi nilichukuliwa kumhudumia. Kushuhudia, hapana. Kontrakta aliniomba kwa heshima zote nisifungue mdomo, maana alikuwa ameshauonja. Na ukweli ni kwamba hakuna aliyewahi kuniuliza kitu, si yule kijana wa bima wala mwingine. Wanawake walikuwa jikoni, na walio jikoni walihesabiwa kuwa hawana macho.

Mtu wa kati alikuwa wakili mzee mwenye miwani, katika chumba chenye feni iliyokuwa inazunguka kwa kujilazimisha. Wakili wa kampuni naye alikuwa mrefu, sauti laini, Kiswahili cha pwani. Alianza na mwenyekiti wetu.

"Mlisema kontrakta alitoa ng'ombe."

"Alitoa chumvi."

"Sasa mbona mlisema ng'ombe?"

"Tulikuwa tunamsifu."

"Mlikuwa mnamsifu kwa nini?"

"Si alikuwa amekaa hapo hapo?" mwenyekiti akasema, kama anayemweleza mtoto.

Yule mzee akavua miwani akaifuta, akairudisha, akamtazama tena mwenyekiti. Nadhani hapo ndipo alipoanza kutuelewa.

Binamu alipopewa nafasi, alirudi kwenye asili yake. Alisema mume wangu hata jembe analiogopa. Alisema katika ukoo wao wote uvivu umegawanywa kidogo kidogo, ila huyu alipewa gunia. Watu wakacheka, mtu wa kati akacheka, hata mume wangu pale kwenye kiti chake akatabasamu, kwa sababu haya ndiyo maneno aliyoyazoea kutoka kwa huyu. Nami nikaona kumbe mambo yatakuwa mepesi.

Wakili wa kampuni akajaribu mlango mwingine. Akasema, sawa, kama si mfanyakazi, basi ni mwanachama wa ushirika, na ushirika ndio wenye ghala, kwa hiyo ni mwenye mali, na mwenye mali pia si mtu wa nje. Yaani asubuhi mume wangu alikuwa kibarua, na kabla ya chakula cha mchana akawa tajiri. Mtu wa kati akakataa. Akasema aulizwe mwenyewe.

Akaapishwa kwa Biblia. Sisi ni Wakatoliki, na mume wangu hakuwa mtu wa kukishika kitabu kile kwa mchezo. Niliona kidole gumba kinacheza juu ya jalada.

"Siku ile ulikuwa unafanya nini pale?"

"Nilikuwa napita."

"Na kamba mkononi?"

"Niliwakuta wanavuta, nikaishika."

"Na wimbo?"

"Kila mtu alikuwa anaimba."

Wakili akasogea, akaegemea meza. Alikuwa amemwekea akiba swali hilo, nililiona linakuja. "Kamba ilipokatika, wavutaji wote walikimbia. Wewe, mpita njia, mtu wa kuogopa hata jembe, ambaye kazi ile haikukuhusu, ulibaki. Kwa nini hukukimbia?"

Feni ikazunguka. Binamu na jirani yetu walikuwa wamekaa benchi la mbele, magoti yao karibu yaguse kiti chake.

"Niliogopa," mume wangu akasema. "Miguu iligoma."

"Hukuwa unaizuia kenchi isiwaangukie hawa wawili?"

"Hapana."

"Una hakika?"

"Sikuwaona," akasema. "Sikujua kama kuna watu."

Safari hii hakuna aliyecheka. Jirani yetu alikuwa anatazama viatu vyake. Binamu alifungua mdomo, kontrakta akamkanyaga mguu, akaufunga. Wakili wa kampuni akakaa chini, na mtu wa kati akaamua kwamba huyu ni mtu wa nje, mwoga aliyeduwaa, na kampuni ilipe.

Ikalipa. Nisiwe mchoyo wa fadhila, ililipa yote, na Mwanza wakamvunja upya wakamtia chuma, akarudi anatembea. Mguu ulimsumbua wakati wa mvua tu. Alilima, akasomesha, akacheza ngoma ya jubilei ya parokia. Kila mara nilipomwona anapita shambani amejitwika gunia, nilisema moyoni kwamba uongo ule ulikuwa na thamani yake, na nitamjibia mbele ya Mungu mimi mwenyewe ikibidi.

Ila nilidhani tumeuacha Shinyanga.

Wa kwanza kunionyesha kwamba tulirudi nao alikuwa jirani yetu. Alikuja na kondoo dume, amevaa kanzu yake nzuri, kumshukuru mtu aliyemtoa chini ya kenchi. Alipomaliza kusema, mume wangu akamwambia, "Sikukuona, ndugu yangu." Jirani akacheka kidogo, akidhani ni utani. Akamwambia tena, "Sikukuona." Kondoo akarudi alikotoka. Ngoma ya chama cha kazi nayo aliipeleka mwenyewe kwa mtu mwingine, akisema haifai kupigwa na mpita njia.

Usiku huo nilimshukia. Nikamwambia hapa hakuna wakili, hakuna Biblia, hapa kuna mimi. Akasema aliapa. Nikamwambia kuapia uongo hakuugeuzi kuwa kweli.

"Najua," akasema. "Lakini nikisema hapa kwamba nilikuwa kazini, basi kule niliapa uongo. Nikisema kule nilisema kweli, basi nilikuwa mwoga. Lazima niwe kimoja, mama watoto. Woga nitauweza."

Alikwenda kuungama, sijui padri alimwambia nini, hakuwahi kunieleza.

Watoto walikua. Wakati mkubwa wetu alipokuwa anasoma sekondari, alirudi likizo akauliza mezani kovu la baba lilitoka wapi. Mume wangu akasema alikuwa anapita, kenchi ikamwangukia, akaogopa akashindwa kukimbia. Alilisema kwa wepesi kabisa, huku anachovya tonge. Nikaweka bakuli chini. Nikawaeleza watoto wote tangu mwanzo: ngoma, wimbo, kamba kiunoni, visigino kwenye udongo, watu wawili wanatambaa wakiwa hai. Niliwaambia, baba yenu ndiye peke yake aliyekuwa kazini siku ile.

Wakamgeukia.

"Mama yenu alikuwa jikoni," akawaambia kwa upole. "Hakuona kitu."

Akanawa mikono, akatoka. Na watoto wakamwamini yeye, kwa sababu tangu wazaliwe hawakuwahi kumsikia baba yao akisema uongo.